Nilipoombwa Uboho

Baba alikuja Haneti mara mbili mwaka ule, na mara zote mbili alikuja kutaka kitu kilichokuwa mwilini mwangu. Mara ya kwanza ilikuwa damu. Alinipandisha basi hadi hospitali mjini Dodoma, wakanitoboa mkono, akaninunulia soda na andazi, na kabla jua halijazama nilikuwa nimesharudi kwa Bibi najisifu kwa wenzangu. Mara ya pili alikuja kuomba uboho.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Ilikuwa ile miaka ya soko huria, mitumba imefika mpaka gulioni kwetu, na wasichana wa darasa langu walivaa fulana zenye maandishi ambayo hata mwalimu wa Kiingereza aliyakwepa. Nayasema haya ili ieleweke kwamba hatukuwa watu wa porini. Redio tulikuwa nayo, na Bibi alijua bei ya alizeti ya Dodoma kabla wanunuzi hawajafika. Lakini habari kwamba uboho wa mtu mmoja unaweza kutolewa ukatiwa kwa mtu mwingine hatukuwa tumeisikia, si mimi, si Bibi, na nina hakika hata mwalimu mkuu hakuwa ameisikia.

Niliishi kwa Bibi, mama yake mama, tangu nikiwa na miaka mitatu. Wazazi wangu walikaa Mkonze, pembeni ya mji. Mama alifundisha shule ya msingi, baba alifanya kazi kituo cha hali ya hewa pale uwanja wa ndege. Baada yangu walipata mtoto mwingine wa kike. Mtoto huyo alishikwa na homa, ikapita, ikarudi, ikapita, na kabla hajatimiza mwaka mmoja na nusu akafa. Walisema ni degedege. Siku ya tatu baada ya maziko Bibi alinichukua akaondoka nami. Alimwambia mama kwamba nyumba ile imeshaonja mtoto, na yeye hawezi kukaa akisubiri imalize sahani.

Mama hakubisha. Ukubwani nilikuja kujua kwamba hakubisha kwa sababu hata yeye aliiogopa nyumba yake. Utotoni nilichojua ni kimoja tu, kwamba mama yangu alinitoa. Basi nikamnunia. Mimi ni mtu wa kununa hata leo, mume wangu anaweza kutoa ushahidi. Mama alipokuja likizo na zawadi zake nilijificha nyuma ya zizi mpaka Bibi aniite mara tatu, na nikitoka naamkia shikamoo ya haraka, kama mtu anayelipa ushuru.

Huko Mkonze walipata mtoto wa tatu, mvulana. Naye akaanza homa. Ilikuja, akapelekwa kupimwa, wakasema ana malaria, wadudu wawili. Akapewa klorokwini siku tatu. Siku ya nne au ya tano homa ikashuka. Nani angeuliza zaidi? Dawa imetolewa, homa imeshuka. Majirani walikisifu kituo cha afya, mama alishukuru Mungu, na baada ya wiki nne mtoto alikuwa anawaka tena, tezi zimevimba shingoni, mdomo una vidonda, analia tumbo na magoti. Ilichukua miaka mitatu na klorokwini ya kutosha kutibu kata nzima kugundua kwamba homa ile ingeshuka siku ileile hata kama angepewa maji ya kunawia.

Aliyegundua ni baba, na aligundua kwa ubishi wa kazi yake. Kituoni kwao walisoma vipimajoto kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na kuandika walichokiona, si walichokidhani. Mtu akisahau kusoma, anaacha nafasi wazi. Hajazi kwa kukisia. Baba akaanza kumpima mtoto hivyohivyo nyumbani, asubuhi, mchana na jioni, akiandika kwenye daftari lenye mistari aliyoipiga kwa rula. Mama alimcheka. Baada ya mwaka mmoja lile daftari lilionyesha kitu ambacho malaria haina: mtindo wa kila baada ya wiki nne. Homa ilikuja kwa zamu kama mlinzi, ikakaa siku tano, ikaondoka.

Walilipeleka daftari na mtoto Dar es Salaam kwa daktari mwanamke aliyesomea nje. Mama alinisimulia kwamba daktari alilisoma daftari lote kabla hajamgusa mtoto, na alipomaliza alivua miwani akauliza kama walishawahi kupoteza mtoto mwingine. Hapo mama akajua.

Daktari aliwaeleza kwamba ni ugonjwa wa kurithi, wa nadra sana. Kila mwili una walinzi wa kufukuza magonjwa. Walinzi wa mtoto huyu wanapiga kelele za mwizi kila mwezi wakati mwizi hayupo, na wakishaanza wanawapiga wenye nyumba. Dawa za kuwatuliza zilikuwepo, lakini kwake zilisaidia kidogo tu, na figo zilikuwa zimeanza kuharibika. Kulikuwa na njia moja iliyokuwa imejaribiwa kwa watoto wachache: kuumaliza uboho wake wote, mahali walinzi hao wanapozaliwa, na kumpandikizia mbegu za damu za ndugu ambaye hana ugonjwa huo. Hakuwaahidi kitu. Aliwaambia tu kwamba wasipojaribu, watamzika.

Ugonjwa wa kurithi ulizua maneno. Ukoo wa mama ulisema ni wa upande wa baba, mtu wa kuja kutoka milima ya Upare ambaye hakuna aliyemjua babu yake. Wapare nao wakasema nchi kavu ile ya Dodoma ndiyo inayokausha damu za watu. Daktari aliwakata kauli wote: kila mzazi ametoa nusu, sawa kwa sawa. Nadhani ndilo jambo pekee ambalo koo zangu mbili zimewahi kugawana bila kugombana.

Ndipo baba akaja mara ya pili.

Hapa inabidi nieleze desturi, maana bila hiyo haitaeleweka kilichonipata. Kwetu mtu hamsogelei mama mkwe wake. Haketi naye, hali mbele yake, hamtazami usoni, na akiwa na neno zito analipitisha kwa mtu mwingine. Vijana wengi walikuwa wameshaanza kulegeza, lakini baba, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuja na aliogopa kuonekana hana adabu, aliishika desturi ile kuliko wenyewe. Alipofika alichukua kigoda akaketi upande wa pili wa ua, akilielekea zizi. Bibi alikaa mlangoni, akipepeta uwele. Hatua kama kumi na tano kati yao. Na katikati nikasimama mimi, kama kawaida, kupeleka maneno ambayo wote wawili waliyasikia vizuri kabisa.

Baba akasema nimwambie bibi yangu kwamba majibu ya damu yamekuja, na damu yangu na ya mdogo wangu zinalingana. Kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja bahati ni moja kati ya nne, na imetuangukia. Nikasema. Bibi akasema nimwulize, kwa hiyo?

"Mwambie wanaomba uboho wako, wa mifupani, wakampandikizie mdogo wako," baba akasema.

Nikamgeukia Bibi. Nakumbuka kwamba nilianza vizuri, kwa sauti ya shuleni, na neno lenyewe likakwama. Bibi hakunisaidia. Alisubiri mpaka nikalitoa mwenyewe.

"Bibi, wanaomba uboho wangu."

Ungo ulisimama. Sisi watu wa mifugo uboho tulikuwa tunaujua. Mbuzi akichinjwa, mifupa ya miguu Bibi aliigonga kwenye jiwe, akatupa watoto tunyonye, na ukishanyonywa mfupa unakuwa filimbi tupu anayotupiwa mbwa. Sikuwahi kuona mfupa ulionyonywa ukajaa tena. Nilijiona mwenyewe waziwazi, nikiwa na miguu mitupu, upepo unapita ndani.

"Mwulize, unarudi?" Bibi akasema.

"Mwambie madaktari wanasema unarudi."

"Mwulize, yeye ameuona ukirudi?"

Mtu mwingine angedanganya, na angekuwa na sababu. Baba alikuwa na mtoto anayekufa nyumbani. Lakini alikuwa mtu ambaye hawezi kuandika mvua ambayo hakuipima.

"Mwambie sijauona."

Basi Bibi akaweka ungo chini, akaniita karibu, akaongea na mimi kwa sauti ya kawaida ambayo baba aliisikia pia. Alisema angeombwa ng'ombe angejibu, angeombwa shamba angejibu. "Hili sina la kusema," akaniambia. "Mwenye mifupa ni wewe."

Watu wakisikia kisa hiki hupenda niwaambie kwamba nilimfikiria mdogo wangu. Ningependa pia iwe hivyo. Ukweli ni kwamba yule mtoto nilikuwa nimemwona mara nne au tano, na mara moja aliniuma. Nilichofikiria ni mama. Nilifikiri kwamba kama nitatoa kitu kikubwa kiasi hicho, hataweza tena kunirudisha nilikotoka. Nikamwuliza baba swali moja tu, mguu gani. Akasema si mguu, wanatoa kiunoni. Nadhani alifikiri ananituliza. Mimi nikapiga hesabu kwamba miguu yote miwili imening'inia kiunoni, basi yote itakwenda. Nikasema nakubali.

Kesho yake asubuhi niligawa mali yangu. Kuku wawili nilimpa binti wa jirani, kamba ya kuruka nikampa mwingine, nikimweleza kwamba sitaihitaji. Bibi aliniona nikigawa. Aliingia ndani akatoka na karanga za kukaanga za kula njiani, akazifunga kwenye kitambaa kwa mafundo matatu, na basi lilipokuja akarudi nyumbani kabla halijaondoka.

Mkonze nilipokelewa kama yai. Mama aliniamsha na maziwa na mayai mawili, akanikataza kupanda mti, kukimbia, kubeba ndoo. Nikikohoa, wote wawili wanasimama. Nilikuwa nimesubiri miaka minane mama aniangalie, na sasa alikuwa akiniangalia mchana kutwa, na nilijua kabisa anachokiangalia. Jirani mmoja aliyependa utani alipita akasema naona mnamnenepesha huyu. Alicheka peke yake.

Mdogo wangu alikuwa na miaka minne na hulka za mkuu wa wilaya. Siku zake nzuri alitoa amri kitandani, nani akae wapi, nani aimbe. Aliniita dada mgeni. Kisha ikaja wiki ya homa, ambayo baba alikuwa ameshaiandika kwa penseli kabla haijafika, na nikaiona kwa macho yangu kwa mara ya kwanza. Hakulia sana. Alilala ametazama ukuta, mikono katikati ya magoti, akihema, na mama alimpangusa kwa kitambaa kwa mikono ya mtu aliyechoka kuogopa. Siku ya tatu aliniomba nimshike miguu, akidai inamuuma kwa ndani. Nikaishika mpaka akasinzia. Sitasema nilimpenda saa ile, ila hasira ilipungua, na nikaona kwamba nitakachopoteza mimi yeye hajawahi kuwa nacho.

Serikali ilikubali kutupeleka India, mama na sisi wawili. Baba alibaki kazini. Safari ya ndege naiacha, kila mtu ana ya kwake ya mara ya kwanza. Hospitali ilikuwa kubwa kuliko Haneti yote, na ndani yake watu walitembea kwa haraka bila kusalimiana, jambo ambalo lilinitisha kuliko sindano. Mdogo wangu na mama waliingizwa chumba chenye dirisha la kioo. Wakaanza kumpa dawa kali za kuumaliza uboho wake, na nywele zikabaki kwenye mto. Baada ya hapo hakukuwa na kurudi nyuma. Bila uboho wangu asingeishi, na hilo nililielewa bila kuelezwa.

Siku moja kabla ya zamu yangu mama alitoka kidogo, akanipeleka kwenye bustani ya hospitali. Kulikuwa na njia ya mviringo kuzunguka maua. Nikamwomba ruhusa nikimbie. Akasema hapana, utaanguka, kesho ni siku kubwa.

"Basi nikimbie leo tu," nikasema. "Kesho sitaweza tena."

Akauliza kwa nini nisiweze. Nikamweleza, kwa utulivu, maana nilidhani anajua: wakishautoa uboho miguu itakuwa mifupa mitupu, kama ya mbuzi aliyenyonywa. Nikamwambia asijali, nimeshazoea wazo lile, na kamba yangu ya kuruka nilishaigawa.

Mama alikaa chini palepale kwenye njia, na sare yake ya hospitali, watu wakimpita pembeni. Alinishika mikono yote miwili.

"Ulijua hivyo, na ukakubali?"

"Ndiyo."

"Kwa ajili ya mdogo wako?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa hapohapo mdomoni, na lingempendeza. Lakini mimi ni mtoto wa baba yangu.

"Hapana," nikasema. "Nilitaka unichukue."

Alilia bila sauti na bila kujifuta, na mimi nikasimama mbele yake sijui niangalie wapi. Ni mara ya kwanza kumwona mama akilia kwa ajili yangu na si kwa ajili ya homa. Baadaye akaniachia mikono, akasema, "Kimbia." Nikakimbia. Nilizunguka yale maua mara nyingi mpaka kifua kikauma, na kila nilipozunguka nilimkuta ananitazama.

Mchana ule alimkamata daktari koridoni akamkalisha anieleze. Daktari alichora mfupa, akachora nukta, akaongea sana. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanitafsiria kwa namna yake. Akaniuliza kama nakumbuka kiangazi tunavyofukua mchanga mtoni kutafuta maji. Unachota ndoo, shimo linabaki na tope, unakaa pembeni unasubiri, na maji yanajaa tena polepole kutoka chini. Ndivyo ilivyo, akasema. Watachota, na utajaa. Hilo nililielewa mara moja. Nikaudhika pia. Kama jambo lilikuwa jepesi kiasi hicho, kwa nini hakuna mtu mzima aliyelisema wiki zote zile nilizokuwa nakula mayai yao?

Nusukaputi ilinichukua nikihesabu kwa Kigogo. Nilipozinduka kiuno kiliuma kama nimepigwa teke na punda. Jambo la kwanza nililofanya, kabla muuguzi hajageuka, ni kushuka kitandani na kutembea. Hatua sita mpaka mlangoni, dripu ikinifuata kwa kelele. Muuguzi alipiga ukelele kwa lugha yake. Miguu ilikuwa mizito lakini ilikuwa na kitu ndani.

Mfuko wenyewe uliponing'inizwa juu ya mdogo wangu ulikuwa kama mfuko wowote wa damu. Nilisimama nje ya kioo nikiuangalia ukishuka tone kwa tone. Hakuna aliyepiga magoti, hakuna kengele iliyolia. Mama, ndani, amevaa barakoa, alihesabu matone mpaka akasinzia kwenye kiti.

Kisha tukasubiri. Mdogo wangu aliumwa vibaya kuliko alivyowahi kuumwa, mdomo wote vidonda, hawezi hata kumeza mate, na kulikuwa na siku mbili ambazo madaktari walikuja watano watano na mama akaacha kunitazama kupitia kioo. Nilijua maana yake. Nilikaa kwenye benchi la koridoni nikiuambia uboho wangu maneno makali: kwamba nimeutoa mbali, kwamba usiniaibishe. Wiki ya tatu chembe za damu zikaanza kuonekana kwenye vipimo, chache, kisha nyingi kidogo, na zilikuwa zangu.

Tarehe ya homa ya mwezi wa kwanza haikuhesabika, maana dawa zilikuwa zimempa homa zake zenyewe. Tarehe ya mwezi wa pili baba alipiga simu hospitali kutoka Dodoma. Laini ilikuwa mbaya. Alimwuliza mama kipimajoto kinasemaje, mama akamtajia. Akapiga kesho yake, na kesho kutwa, siku tano mfululizo. Siku ya tano mama alitaja namba ya kawaida, na baba akamwomba airudie polepole aiandike. Mdogo wangu sasa ni mtu mzima, fundi wa magari mwenye kitambi, na damu yake ni kundi langu. Akinijibu vibaya namtishia kwamba nitaidai.

Tulirudi Mkonze baada ya miezi karibu mitano. Amri ya hospitali ilikuwa kwamba mtoto akae ndani, asitembelewe na mtu yeyote kwa miezi kadhaa, maana walinzi wake wapya walikuwa bado wachanga na mafua ya jirani yangeweza kumuua. Dodoma mgonjwa asiyetembelewa ni tusi. Watu walikuja na pole zao, mama akawasimamisha kwenye uzio akawashukuru kwa mbali. Wengine waliondoka shingo upande, na wakaenda kusema yaliyokuwa yakisemwa miaka ile juu ya kila mgonjwa aliyefichwa.

Bibi alifika siku ya tatu, asubuhi, baba akiwa kazini. Alikuwa amesikia kwamba haingii mtu, na hakujaribu kuingia. Alisimama nje ya uzio na kibuyu cha maziwa ya mgando ambacho mgonjwa asingeruhusiwa kuonja. Mdogo wangu alimpungia dirishani kwa kofia. Bibi akamtazama, akasema Mungu mkubwa, kisha akaniita mimi nitoke.

Nikatoka mbio. Akanisimamisha kwa mkono kabla sijamfikia.

"Tembea," akasema.

Nikatembea kutoka uzioni hadi barabarani. Akasema rudi. Nikarudi. Aliniangalia magoti, nyonga, visigino, kama mtu aliye mnadani. Aliniambia niruke. Nikaruka. Ndipo nikaelewa kitu ambacho miezi yote ile hakikunipitia akilini. Bibi alikuwa amefikiri kama mimi. Alinitazama nikigawa kamba yangu akijua kwa nini naigawa.

Nilipandwa na hasira kuliko nilivyowahi kumkasirikia mama.

"Bibi, ulijua nitakuwa kilema, na ukaniacha niende?"

"Nilidhani hivyo."

"Na ulikuwa unafikiri nini?"

Akaweka kibuyu chini. "Nilifikiri ningekubeba," akasema. "Mgongo bado ninao."

Alisema kama mtu anayetaja kazi ya kesho, kama kuteka maji. Miezi mitano alikuwa amekaa Haneti akijiandaa kunibeba mpaka mmoja wetu afe, na hakuwa amemwambia mtu. Hasira iliniishia pale pale, nikabaki nimesimama, pua inanichuruzika.

Mama alikuwa amefika uzioni nyuma yangu. Bibi alimwambia kwamba mtoto amerudi mzima, yeye Bibi ameona kwa macho yake, sasa mama aseme anachotaka. Mama akasema anamtaka mwanawe. Alisema vizuri, bila kulia, na nilijua ni kweli. Safari hii hakuwa anataka kitu kilichomo ndani yangu. Lile ndilo neno nililolisubiri tangu nikiwa na miaka mitatu.

"Usiniambie mimi," Bibi akasema. "Mwulize."

Mama akaniuliza. Nilimtazama yeye, nikamtazama Bibi, ambaye alikuwa ameinama anasafisha vumbi kwenye kibuyu ili asinionyeshe uso. Nikasema nakwenda Haneti, ila nitakuja likizo zote, na sitajificha tena.

Mama akasema sawa. Nikaingia chumbani kukunja nguo zangu. Alinifuata, akakaa kitandani, tukazikunja pamoja.